Michael Smith: Malenga wa rege aliyenyamazishwa kwa mawe

KATIKA orodha ya majina ambayo mashabiki wa rege hupenda kuyataja, jina la Michael Smith halimo miongoni mwa yale ya mwanzo. Hutajwa Bob Marley, hutajwa Peter Tosh, hutajwa Burning Spear na Gregory Isaacs. Smith hufuata baadaye, na aghalabu hutajwa na shabiki aliyekwisha kusikiliza mengi, akatosheka na nyimbo za mapenzi, akaanza kuuliza ni nani mwingine aliyezungumza kwa ukali juu ya midundo ile ile. Akishampata, huwa vigumu kumsahau.

Smith, almaarufu Mikey, hakuwa mwimbaji. Alikuwa mshairi, na mashairi yake yaliandikwa yasikiwe kwanza, yasomwe baadaye. Alizaliwa jijini Kingston, Jamaika, Septemba 14, 1954, na aliuawa kwa kupigwa mawe Agosti 17, 1983, zikiwa zimesalia wiki chache tu atimize umri wa miaka 29. Katika uhai wake alitoa santuri moja ndefu na nyingine chache fupi. Diwani yake hakuiona. Hata hivyo, kila inapoandikwa historia ya ushairi wa dabu, yaani ushairi unaoghaniwa kwa mapigo ya rege, jina lake huwekwa bega kwa bega na ya Linton Kwesi Johnson, Oku Onuora na Mutabaruka.

Baba yake alikuwa mwashi na mama yake mfanyakazi wa kiwandani. Mikey mwenyewe alikuwa na kilema cha mguu na alitembea akichechemea, jambo ambalo waliomwona jukwaani hawakosi kulitaja, kwa kuwa mwendo ule nao ulikuwa sehemu ya ghani yake. Alikulia katika Kingston ya watu wa kipato cha chini, mahali ambapo ua mmoja hukaliwa na familia kadhaa na habari za jirani hazihitaji gazeti.

Jamaika ilijinyakulia uhuru kutoka kwa Uingereza Agosti 6, 1962, Mikey akiwa mtoto wa miaka saba. Bendera ilipandishwa, lakini mtu wa chini aliendelea kupanga foleni ya kazi pale pale alipokuwa akiipanga zamani. Alipokuwa na umri wa miaka 11, Aprili 21, 1966, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alitua Kingston na kulakiwa na umati ambao polisi walishindwa kuuzuia. Kwa Marasta, waliomwona Selassie kuwa masihi, siku ile ilikuwa ya muujiza. Kwa wengine wa tabaka la chini, ilikuwa mara ya kwanza kuona watu waliokuwa wakidharauliwa na kunyolewa nywele kwa nguvu wakipewa nafasi ya heshima hadharani.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1968, Serikali ya Jamaika ilimpiga marufuku Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa akifunza katika Chuo Kikuu cha West Indies, na vurugu kubwa zikazuka jijini. Rodney ndiye yule yule aliyefunza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kukiandika huko kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kosa lake Kingston lilikuwa kuondoka darasani, akaenda kukaa na Marasta na vijana wasio na ajira, akawasimulia historia ya Afrika.

Hayo ndiyo mazingira yaliyomlea Mikey. Si ajabu basi kwamba miongoni mwa tungo zake za mwanzo kabisa, alizozijaribu akiwa bado mvulana, mlikuwamo shairi lililohusu Ian Smith na utawala wake wa Wazungu wachache nchini Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Kijana wa Kingston ambaye hakuwahi kuiona Afrika alianza ushairi kwa kumshutumu mtu waliyeshiriki naye jina la ukoo.

Lugha ya nyumbani

Ili kumwelewa Smith ni sharti kwanza kuielewa lugha aliyoitumia. Wajamaika walio wengi huzungumza patwa, lugha iliyozaliwa katika mashamba ya miwa wakati wa utumwa, msamiati wake mwingi ukiwa wa Kiingereza ilhali sarufi na mapigo yake yana mizizi Afrika Magharibi. Shuleni, patwa ilihesabiwa kuwa Kiingereza kilichovunjika. Mwanafunzi alikaririshwa mashairi ya William Wordsworth kuhusu maua ambayo hayaoti Jamaika, na aliporudi nyumbani aliachana na lugha ile mlangoni kama mtu avuavyo viatu. Wakenya waliovishwa kibao shingoni kwa kuzungumza lugha ya mama shuleni hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kabla ya Smith alikuwapo Louise Bennett, aliyezaliwa mwaka wa 1919, ambaye kwa miongo mingi aliandika na kuigiza kwa patwa. Umma ulimpenda mno. Lakini wasomi walimchukulia kuwa mchekeshaji, na kwa muda mrefu mashairi yake hayakupewa nafasi aliyostahili katika vitabu vya ushairi. Kizazi cha Smith kilirithi kutoka kwake ujasiri wa kutumia patwa, kikaondoa kicheko au kukigeuza kiwe cha uchungu.

Urithi wa pili ulitoka katika muziki. Mwishoni mwa miaka ya sitini, burudani ya Kingston ilitegemea mitambo mikubwa ya muziki iliyosafirishwa kwa malori na kufungwa katika kumbi na nyua za wazi, spika zikiwa na kimo cha mtu mzima. Watengenezaji wa santuri walianza kuweka upande wa pili wimbo ule ule ukiwa umeondolewa sauti ya mwimbaji. Osbourne Ruddock, almaarufu King Tubby, ambaye kwa kazi alikuwa fundi wa umeme katika mtaa wa Waterhouse, aliuchukua upande ule na kuufanyia ufundi mpya. Aliisukuma mbele ngoma na gita la besi, akaiacha sauti ya mwimbaji itokeze kidogo kisha ipotelee mbali kama mwangwi bondeni. Huo ndio dabu.

Lililo muhimu katika dabu ni ile nafasi tupu iliyoachwa. Ndani ya nafasi hiyo waliingia madijei, akina U-Roy na Big Youth, wakawa wanaongea juu ya mapigo, wanatania, wanahubiri, wanatoa habari za mtaani. Katikati ya miaka ya sabini, Linton Kwesi Johnson, kijana aliyezaliwa Chapelton, Jamaika, mwaka wa 1952 na kuhamia London mwaka wa 1963, aliieleza sanaa hiyo ya madijei kuwa ni ushairi wa dabu. Baadaye Oku Onuora alilichukua jina hilo na kulitumia kwa tungo zake na za wenzake, ambao mashairi yao yalibeba mapigo ya rege hata pasipokuwa na ala yoyote.

Onuora, ambaye zamani aliitwa Orlando Wong, alianzia gerezani. Alifungwa kwa wizi wa kutumia silaha, akatunga akiwa kifungoni, na alipoachiliwa mwaka wa 1977 alikuwa tayari mshairi mwenye jina. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka hapa kisa cha Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa kati ya mwaka wa 1969 na 1972 na kuandika katika karatasi za msalani tungo zilizokuja kuwa Sauti ya Dhiki. Kosa la Abdilatif lilikuwa kijikaratasi cha kisiasa, la Onuora lilikuwa jinai, na tofauti hiyo si ndogo. Ila wote wawili walitoka gerezani na mashairi.

Shule ya uigizaji

Smith alijiunga na Shule ya Uigizaji ya Jamaika na kufuzu kwa stashahada mwaka wa 1980. Onuora alipita katika shule hiyo, na Jean Binta Breeze, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kupata umaarufu mkubwa katika ushairi wa dabu, alisomea hapo pia. Wapo wanaodhani kwamba washairi hawa walikuwa watu wa mtaani waliopayuka tu yaliyowajaa rohoni. Haikuwa hivyo. Smith alijifunza namna ya kuvuta pumzi, namna ya kusimama, namna ya kuligawa neno na kulipima kimya chake. Ukali wake ulikuwa wa mtu aliyefanya mazoezi.

Kabla hajamaliza masomo, tayari alikuwa ameanza kujulikana. Alighani katika vituo vya kijamii na mikutano ya vijana. Mwaka wa 1978 aliiwakilisha Jamaika katika tamasha la dunia la vijana na wanafunzi lililofanyika Havana, Kuba. Mwaka huo huo alirekodi shairi lake Word akisindikizwa na kundi la Light of Saba. Baadaye Johnson alimtolea santuri iliyokuwa na shairi ambalo lingekuja kuwa nembo yake, Mi Cyaan Believe It.

Kichwa cha shairi hilo ni kauli ya mtu anayeshindwa kuyaamini anayoyaona. Msemaji wake anatafuta chumba cha kupanga, na akiingia anakuta ameingia pamoja na mende, panya na nge. Anamtaja mama wa watoto wanne aliyepata kazi ya nyumbani, bosi akamwingilia, mimba ikafuata. Mambo haya hayasimuliwi kwa mtindo wa hotuba. Yanarushwa kama porojo za barazani, yamechanganywa na vibwagizo vya michezo ya watoto, na msikilizaji hucheka kabla hajatambua anachekea nini. Hapo ndipo ulipokuwa ustadi wa Smith. Washairi wengi wa maandamano huanza wakiwa wamekwisha kukasirika, na msikilizaji hana la kufanya ila kukubali au kuondoka. Smith alimkaribisha kwanza, akamketisha, ndipo akamfungia mlango.

Katika shairi jingine, I an I Alone, anamsawiri mtu mpweke anayekatiza sokoni. Zinasikika sauti za wachuuzi wanaonadi mboga na bei zake, wateja wanaobishana, mpita njia anayelalamika, na zote zinatoka katika koo moja. Yeyote aliyewahi kupita Gikomba au Kongowea asubuhi angelitambua soko lile hata bila kuijua patwa.

Kuhusu sauti yenyewe, maelezo hayatoshi. Alianza chini, kama mtu anayejisemea. Kisha neno moja la kumlilia Mungu lingevutwa, likapanda, likakwaruza, likakaribia kukatika, likaendelea. Mshairi na mwanahistoria wa Barbados, Kamau Brathwaite, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu historia ya sauti katika ushairi wa Karibea, aliulinganisha mlio huo na ngurumo ya pikipiki mtaani. Ulinganisho huo unafaa, kwani Smith hakuigiza sauti za ndege na mito. Aliigiza mji.

London, 1982

Mwaka wa 1982 ndio uliompa Smith jina ughaibuni. Johnson alikuwa amekwisha kufungua njia kwa santuri zake Dread Beat an' Blood ya mwaka 1978 na Forces of Victory ya mwaka 1979, na vijana weusi wa Uingereza walikuwa na masikio wazi kuliko wakati mwingine wowote. Januari 1981, moto uliozuka katika sherehe ya siku ya kuzaliwa mtaani New Cross, London, uliwaua vijana weusi 13, na jamaa zao walihisi kwamba nchi haikujali. Aprili mwaka huo, mtaa wa Brixton uliwaka kwa ghasia baina ya vijana na polisi. Mei 11, Bob Marley aliaga dunia kwa saratani. Palikuwa na pengo, na palikuwa na watu waliotafuta sauti.

Smith alighani katika ukumbi wa Camden Centre wakati wa maonyesho ya kwanza ya kimataifa ya vitabu vya watu weusi na Ulimwengu wa Tatu, yaliyoasisiwa na John La Rose na wenzake. Alighani pia katika ukumbi wa manispaa ya Lambeth, Brixton. Pamoja na Onuora, alizunguka Uingereza akisoma mashairi. Alikwenda Paris kwa mwaliko wa shirika la UNESCO, akaenda na Milan, Italia. Shirika la BBC lilimtengenezea filamu iliyoitwa Upon Westminster Bridge, jina lililoazimwa kutoka kwa yule yule Wordsworth aliyekaririshwa shuleni. Ndani yake Smith anaonekana akiwa na Johnson na mwanahistoria mkongwe C.L.R. James, Mtrinidadi aliyekuwa akiishi Brixton. James, aliyekipenda Kiingereza cha washairi wa kale tangu utotoni, na Smith, aliyekiona kuwa nguo isiyomtosha, walikuwa wa vizazi viwili vya visiwa vile vile. Ni vigumu kuitazama filamu hiyo bila kutamani kwamba mazungumzo yao yangerefuka.

Ilikuwa pia katika mwaka huo ambapo kampuni ya Island, ambayo ndiyo iliyomtangaza Marley kote duniani, ilitoa santuri ndefu ya Smith iliyobeba jina la shairi lake maarufu. Watayarishaji walikuwa Johnson na Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados na stadi wa dabu wa London. Walielewa kwamba besi haifai kuifunika sauti ya mshairi. Katika santuri hiyo ala hujongea na kurudi nyuma kama watu wanaompisha msemaji.

Kwa mashabiki wengi wa nje ya Jamaika, santuri hiyo ndiyo iliyokuwa mlango. Mtu aliyezoea rege ya kuchezea aliiweka sindano akitarajia wimbo, akakutana na mtu anayesema. Mara ya kwanza hakushika maneno, hasa kama Kiingereza chake kilikuwa cha darasani. Aliirudia. Katika kurudia huko aliokota neno hapa na neno pale, na kidogo kidogo picha ya chumba, ya mama, ya soko ikajiunda. Ni njia ile ile ambayo mtoto wa pwani hupitia anapokua akisikia Utendi wa Mwana Kupona ukighaniwa na wakubwa, maneno ya Kiamu cha kale yakimpita, lakini mapigo yakibaki, hadi siku moja maana inapoingia bila kubisha hodi.

Mwaka huo wa 1982 una jambo jingine ambalo Mkenya hawezi kulipita. Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa London tangu katikati ya mwaka kwa uzinduzi wa tafsiri ya Kiingereza ya riwaya yake Caitaani Mutharaba-ini, alipata habari kwamba angekamatwa akirudi nyumbani, akabaki uhamishoni. Pale London palikuwa na Abdilatif Abdalla, aliyekuwa mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC. John La Rose aliongoza kamati ya kutetea wafungwa wa kisiasa wa Kenya, nao Ngugi na Abdilatif wakawa ndani ya shughuli hizo. Hivyo, mtu aliyewapa jukwaa washairi wa patwa ndiye aliyewasaidia waandishi wa Kigikuyu na Kiswahili kupaza sauti. Swali lililowashughulisha wote lilikuwa moja. Ngugi alikuwa amefungwa kwa sababu ya tamthilia ya Kamirithu iliyochezwa na wakulima na wafanyakazi kwa lugha yao. Smith hakuwa amefungwa. Alirudi Jamaika.

Mawe

Siasa za Jamaika aliyoirudia zilikuwa za kuogofya. Vyama viwili, PNP cha Michael Manley na JLP cha Edward Seaga, viligawana mitaa ya Kingston kama ngome za vita. Mtaa mzima ulikuwa wa chama kimoja, na aliyeishi upande huu hakuthubutu kupita upande ule. Desemba 1976, watu wenye bunduki walimvamia Marley nyumbani kwake siku mbili kabla ya tamasha lililoonekana kukifaidi chama tawala cha wakati huo. Aprili 1978, Marley aliwapandisha jukwaani Manley na Seaga, akaziunganisha mikono yao mbele ya umma. Picha ilikuwa nzuri. Mwaka wa 1980, uliokuwa wa uchaguzi, watu wapatao 800 waliuawa. JLP ilishinda viti 51 kati ya 60.

Mashairi ya Smith hayakukipigia debe chama chochote. Aliwasema wanasiasa kwa ujumla wao, waliowapa maskini bunduki badala ya kazi. Katika nchi iliyogawika namna ile, asiyekuwa na upande alikuwa hatarini zaidi, kwa sababu hakuwa na ngome ya kukimbilia.

Agosti 16, 1983, palikuwa na mkutano wa kisiasa Stony Hill, eneo la vilima kaskazini mwa Kingston. Mgeni mkuu alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya JLP. Smith alikuwapo, na alimkatiza waziri kwa maswali na kelele za kupinga. Kwa mtu aliyezoea kusema mbele ya umati, pengine lile lilikuwa jambo la kawaida. Kesho yake, Agosti 17, alikuwa akitembea katika eneo hilo hilo, karibu na ofisi ya chama hicho, alipozuiwa na kundi la wanaume waliosemekana kuwa wafuasi wake. Pakatokea majibizano. Wakaokota mawe. Jiwe lilimpata kichwani, na akafa.

Agosti 17 ni siku aliyozaliwa Marcus Garvey, mwaka wa 1887, shujaa wa taifa la Jamaika aliyewahimiza watu weusi wajitambue. Stony Hill nayo, kwa Kiswahili, ni kilima cha mawe. Waandishi wamekuwa wakiyarudia mambo haya mawili kana kwamba yalipangwa. Hayakupangwa. Lililokuwa la kupangwa, au walau la kuzoeleka, ni desturi ya vyama kulea vijana wa kuwanyamazisha wapinzani, na desturi hiyo haikuwa ya Jamaika peke yake. Waliouona Kenya mwanzoni mwa miaka ya tisini, vijana walipotumwa kuvunja mikutano ya wapinzani kwa rungu, wanajua jinsi inavyoanza.

Kuna wanaosema kwamba Smith angalikuwa mkubwa kuliko wenzake wote kama angaliishi. Hilo haliwezi kupimwa. Kinachoweza kupimwa ni kwamba katika muda wa takriban miaka mitano, toka Havana hadi Stony Hill, aliacha mashairi machache ambayo hadi leo hakuna aliyeweza kuyaghani kama yeye. Wengi wamejaribu. Maneno wanayo, mapigo wanayo, ila lile neno la kumlilia Mungu likifika huwaponyoka.

Kitabu

Kabla ya kifo chake, Smith alikuwa amezungumza kwa kirefu na Mervyn Morris, mshairi na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha West Indies, kuhusu utunzi wake. Ndiye Morris aliyeibeba kazi ya kuyaweka mashairi hayo kitabuni. Haikuwa rahisi. Patwa haikuwa na tahajia moja iliyokubaliwa na wote. Akiandika kwa namna ya Kiingereza, sauti ingepotea. Akiandika kila mlio, msomaji angekwama. Tena, mstari wa ghani hukatwa na pumzi, si na ukingo wa karatasi. Wahariri wa tenzi za Kiswahili, waliohamisha maandishi ya Kiarabu kwenda ya Kirumi wakibishana kuhusu kila irabu, wangemwonea huruma. Diwani ilitoka London mwaka wa 1986 kwa jina It A Come, na mwaka wa 1989 ikachapishwa San Francisco, Marekani. Mwaka wa 2014, Jamaika ilimteua Morris kuwa malenga wa taifa.

Naye Brathwaite, aliyeifananisha sauti ya Smith na pikipiki, alimtungia shairi la tanzia. Jina lake, Kamau, si la Barbados. Alipokuwa Kenya mwaka wa 1971 kwa ufadhili katika Chuo Kikuu cha Nairobi, nyanya yake Ngugi wa Thiong'o ndiye aliyempa jina hilo huko Limuru. Shairi hilo la maombolezo, ambamo marehemu anasimulia kifo chake mwenyewe huku lugha ikivunjika kadiri pumzi inavyokatika, limo katika diwani yake ya mwaka 1992, Middle Passages. Linaitwa Stone, yaani jiwe, na chini ya kichwa limeandikwa jina la Smith, jinsi alivyouawa, na miaka yake miwili, 1954 na 1983.